Nyota Isiyoaga

Kwako mama uliyenioa,

Shikamoo. Huko uliko hakuna wa kukufikishia barua, najua, lakini nina jambo na sina mwingine wa kumwambia. Nyota yako imerudi. Jana jioni nilitoka kumwaga maji ya vyombo, nikainua macho, na hiyo hapo juu ya migomba, nyekundu, imetulia kana kwamba haijawahi kwenda popote.

Tangu tukuzike sikuwa nimeiona. Binti yetu Robi anasema miaka hii ilikuwa inawaka mchana, jua likiwa limeikalia, ndiyo maana. Mimi nilidhani umeondoka nayo.

Unakumbuka ulivyonionyesha? Nilikuwa bado mgeni hapa Nyarero, nimeletwa kutoka Ringwani baada ya ng'ombe zako kufika kwa baba yangu. Watu wa mbali nikiwaambia nimeolewa na mwanamke wanacheka, mpaka niwaeleze kwamba kwetu Wakurya mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto atakaowazaa na mwanamume wa nje wakawa wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobu, na kwetu hakuna wa kushangaa. Wewe ulipenda kuwashangaza Wakenya pale gulioni Sirari, mpakani. Ulinishika mkono mbele ya yule muuza sabuni ukamwambia, "Mpunguzie bei huyu, ni mke wangu."

"Ati nani wako, mathe?"

"Mke wangu. Nimemtolea ng'ombe."

Tukaondoka na sabuni kwa bei yako, yeye mdomo wazi. Ulicheka mpaka tukafika nyumbani.

Jioni ya nyota tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Ukanyoosha kidole juu. "Unaiona ile nyekundu? Itaondoka. Na ikirudi, hujui itarudi mwezi gani." Nikakuuliza kama ni ya mvua, kama zile alizokuwa akizitazama baba kabla ya kupanda ulezi. Ukasema, "Hiyo haina kazi ya mtu. Inaondoka bila kuaga, inarudi bila hodi. Kama mimi."

Sikuelewa hayo ya mwisho mpaka ulipozimika. Sina neno jingine. Asubuhi moja hukutoka chumbani. Homa huna, kidonda huna, umegeukia ukuta tu. Mbuzi uliokuwa ukiwasalimia kwa majina, mmoja mmoja, walilia mlangoni na hukuwajali. Uji niliokuletea ulipoa nikaenda kuumwaga. Nilikuogesha, nikasenya kuni, nikakamua, na siku nzima hukunitupia hata neno. Ila giza lilipoanza kuingia, ukaniita kutoka ndani.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Basi, mpaka kesho yake tena. Ikapita miezi hivyo. Halafu siku moja nikasikia mtu anadai togwa na kulalamika kwamba ugali wangu una madonge, nikajua umerudi. Mwaka uliofuata ukaondoka tena.

Majirani hawakukawia kunyoosha vidole. Tangu amwoe yule wa Ringwani, walisema, mama wa watu amekwisha. Nami nikaamini. Nilizaa Robi, nikazaa Nyangi, nikazaa Bhoke, wasichana watupu, katika nyumba iliyonioa ipate mvulana. Kila ulipozimika nilijua ni mimi niliyekuzima. Ile "upo?" yako ilinichoma kuliko maneno ya majirani, maana niliisikia kama swali la mtu anayetaka kujua kama bado sijaondoka. Kuna jioni nilikuwa nimeshafunga kanga zangu kwenye furushi. Nimelishika mkononi kabisa, nipite nyuma ya zizi niende zangu kwetu. Ukaita, "Upo?" Mdomo ukajibu wenyewe, "Nipo, mama." Nikaona aibu kuondoka baada ya kusema hivyo, nikalifungua furushi.

Sasa sikiliza. Krismasi Robi alikuja kutoka Mugumu, anakofundisha fizikia. Tulikuwa tumekaa nje, nikamuuliza kwa nini siku hizi nyota ya bibi yake haionekani. Akaniambia itaonekana karibuni, kisha akasema, "Mama, unajua ile haiko peke yake? Ni mbili, zinazungukana. Kubwa ndiyo hiyo tunayoiona ikirudi. Ndogo iko pembeni yake, hatuioni kwa macho."

Nikasema haraka, "Basi ni huyo mdogo anayemziba mwenzake."

"Hapana. Ziko za namna hiyo, lakini sio hii. Hii inavimba na kusinyaa yenyewe. Mwenzake awepo, asiwepo, ingefifia tu."

Niliinua macho mahali ilipozoea kukaa. Robi akadhani sijaelewa, akachukua mkaa aanze kunichorea chini. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Ila mtu sio nyota, na ushahidi wa mtu unatafutwa kwa watu, kwa hiyo kulipokucha nilikwenda kwa mdogo wako Wankuru. Macho yake yamechoka lakini ulimi ni uleule. Nikamuuliza kile nilichoshindwa kukuuliza wewe.

"Wewe mtoto!" akanikaripia, kana kwamba sina mvi. "Dada yangu alikuwa hivyo tangu msichana. Hata mumewe alimkuta hivyo. Ulidhani ni wewe?"

"Watu walisema, mama mdogo."

"Watu." Akatema tumbaku yake. "Alipotaka kuoa nilimwambia, dada, umri umekwenda, mvulana wa nini tena? Akanijibu, hayo ya mvulana ni ya wazee. Mimi nataka mtu nitakayemwita jioni akaitika."

Nililia kuanzia kwake hadi kwenye zizi letu. Waliokutana nami njiani waliuliza nani amefariki.

Nimekukasirikia pia, mama, nisikufiche. Ungeniambia. Miaka yote ile nimekaa upande wa pili wa ukuta najiona kama mwizi aliyeiba mwanga wa nyumba yako. Lakini nikifikiri zaidi, ungeniambia lini? Ukiwa mzima hukutaka kabisa kuyataja mambo yale. Ukiwa umezimika ulikuwa na nguvu ya neno moja tu kwa siku, na hilo ulinipa mimi.

Robi anataka nihamie kwake Mugumu. Nimemwambia bado. Nyumba imekuwa kubwa, na ninakukosa hata ile miezi yako mibaya, maana ukutani kulikuwa na mtu. Mbuzi ninawasalimia mimi siku hizi, mmoja mmoja, na Bhoke akija ananicheka kwamba nimekuwa wewe.

Jana nilipokwisha kuitazama nyota niliingia ndani nikasimama penye mlango wa chumba chako. Giza lilikuwa linaingia, saa yako ileile. Hukuita. Nilikujibu hivyohivyo, kwa sauti kubwa, mpaka mbuzi wakaitika nje: "Nipo, mama."

Pumzika. Sitaondoka bila kukuaga.

Mke wako,
Mama Robi