Galaksi Iliyooshwa kwa Sabuni

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Vipindi vinne, kipande kimoja cha chaki. Baada ya chakula nimerudi kwenye chumba changu cha giza, kile kistoo cha nyuma ya maabara. Dirisha nimeliziba kwa maboksi, nikaacha tundu moja la jua. Mkono wa pili wa galaksi ninayoiunda umekamilika. Masizi ya jikoni na vumbi jekundu, nimeyagandisha kwa uji wa muhogo juu ya kioo cha dirisha. Unajipinda vizuri.

Mkuu wa shule amechungulia. Kuna mfanyabiashara wa mitumba anataka kupanga chumba hiki. Soko huria, Mwalimu, kaniambia. Wazazi wataamua Jumamosi, nami nimeruhusiwa kuwaonyesha ninachofanya humo. Nimekasirika. Wasichana wangu wa fizikia wamebaki sita. Chumba kikienda, nao watahamia masomo ya sanaa.

Jumatano, 7 Septemba

Kioo kimefanya kazi! Penye vumbi, mwanga ukutani umefifia. Nimekiinamisha kioo, ukafifia zaidi, maana sasa unapita kwenye vumbi jingi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa galaksi tunayoitazama ubavuni. Urujuanimno, ule mwanga mkali wa nyota changa usioonekana kwa macho, ndio unaomezwa zaidi. Lakini haupotei. Vumbi linapata joto, kisha linautoa upya kama infraredi. Hiyo nayo haionekani, ila ngozi inaisikia. Nimesogeza shavu kwenye kioo. Joto. Wazazi nao watasogeza mashavu yao. Nani atabishana na shavu lake mwenyewe?

Mkuu amenitania mbele ya walimu: huyu Mtanga anahangaika na vumbi la mbinguni, la Songea limemshinda kufagia. Wamecheka. Nami nimecheka, meno tu.

Ijumaa, 9 Septemba

Sitaki kuandika.

Usafi wa jumla, kwa sababu ya wageni wa kesho. Skolastika wa Kidato cha Tatu, mmoja wa sita wangu, ameosha kioo. Kwa sabuni. Kinang'aa. Maboksi yako jalalani na dirishani pametundikwa pazia la maua.

Nimefoka mpaka darasa la jirani likanyamaza. Akasema, "Samahani Mwalimu, tulikikuta kichafu, na wageni wanakuja." Ni kweli. Shule hii mgeni akija hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Nimemfukuza chumbani. Nimelia, halafu nimejichukia kwa kulia.

Jumamosi, 10 Septemba

Aibu tupu. Nilipaka masizi mapya alfajiri, hayakukauka. Nilipokisimamisha kioo mbele ya wazazi uji ukaanza kutiririka. Mkono mzima wa galaksi ukadondokea kiatu cha mwenyekiti wa wazazi. Ukumbi ukaangua kicheko.

Baba mmoja, mkulima wa Madaba, hakucheka. Aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, hilo vumbi la huko juu litampa binti yangu kazi gani?" Nikaanza kueleza infraredi. Mpumbavu mimi. Mtu kauliza habari ya mwanawe, namjibu habari ya joto. Wazazi wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Chumba kimekwenda.

Mkuu alinipa pole na soda. Soda sikuinywa.

Jumatatu, 12 Septemba

Marobota ya mitumba yameshaingia chumbani. Yananuka dawa ya mende. Wasichana wawili wameomba kuhamia sanaa. Nimesaini. Sina hata nguvu ya kugomba.

Jumanne, 13 Septemba

Nimerudi nyumbani Ruhuwiko mapema, nikafua. Jioni Skolastika amekuja. Shikamoo, kisha akabaki amesimama mlangoni. Nikajua huyu ni wa tatu, kaja kuaga.

Akauliza kama waliopima galaksi kwa mwanga unaoonekana walikosea. Nikasema ndiyo, nyota nyingi zilifichwa na vumbi. Sasa wanapima na lile joto, wajue mwanga kiasi gani umemezwa.

Akatafakari. Akauliza: lakini nyota nzee nazo si zinapasha vumbi joto? Wanajuaje lipi limetoka kwa changa na lipi kwa nzee?

Sijui. Nimefundisha miaka yote hii na hilo sijawahi kujiuliza.

Nimemwambia avue viatu, aingie.