Amepewa Mlima Wangu

Ujiji, Kigoma

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Mguu wa Mama umepoa, au bado anaukanda kwa mafuta ya ng'ombe na kukataa hospitali? Na yule ndama uliyesema hataki kunyonya, ameishi? Niambie pia kama kahawa imechanua, maana huku nikiisifia kahawa yetu watu wananitazama tu, wao habari zao ni samaki. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa sindano mbili kwa siku anavyoweza kusema hajambo. Kazi ni ile ile ya ukarani ghalani kwa shirika la misaada, kupakia malori ya mahindi na maharage yanayokwenda kambi za wakimbizi wa Burundi. Bado nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, na bado ananiita "binti wa baridi" kila ninapolalamikia joto.

Nakuandikia nikiwa na wivu, kaka. Nalisema mapema ili usipate taabu ya kulitafuta katikati ya mistari.

Unakumbuka safari hii ya mlima ilivyoanza. Mwaka jana pale kliniki ya kisukari mjini, mama mmoja wa Mwandiga alisema mbele yetu sote kwamba bintiye hampeleki tena shule, ya nini, mtoto wa sukari hafiki mbali. Binti mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia. Nikapandwa na hasira. Nikasema mimi nina sukari tangu nina miaka kumi na mitatu na nitapanda Kilimanjaro, mtaona. Ilinitoka tu, lakini daktari aliipenda, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa mlima. Nikakuandikia, na wewe, ambaye kila nilipokuomba nikiwa nyumbani ulinijibu kuwa nitakufia mikononi, safari hii ukakubali. Lete mfadhili na barua ya daktari, ukasema, nitakuongoza mwenyewe kama ninavyoongoza wageni. Ile barua yako niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Basi nikaingia kutafuta wafadhili. Kibirizi nilimwendea tajiri mmoja wa dagaa, akanisikiliza vizuri sana, kisha akauliza huko juu kuna nini. Nikamwambia kuna barafu. Akauliza kama tunaishusha kuhifadhia samaki. Nikasema hapana. "Sasa mnaifuata ya nini?" akasema, akanifungia mfuko wa dagaa nikale. Katonga mama mmoja mwuza migebuka aliniombea dua ndefu mpaka samaki wake wakaanza kuingia nzi, lakini mfuko hakuufungua. Shirika langu mwenyewe lilinijibu kwa adabu kwamba fedha zao ni za wakimbizi, na mimi si mkimbizi. Nilitoka ofisini nikatamani, kwa dakika nzima, ningekuwa mkimbizi. Ndiyo, kaka, nimefika huko.

Sasa nikwambie habari za Spesioza. Ni Mrundi, alivuka ziwa na dada yake kukimbia vita, anafundisha watoto kambini, na ana sukari kama mimi. Tulijuana kliniki, anakokuja kila mwezi kwa kibali. Mwanzoni nilikuwa naweka dawa yangu kwenye friji ya Bi Zuhura, katikati ya migebuka, na umeme wa huku unakuja ukipenda wenyewe. Mara mbili dawa iliharibika kwa joto, na mara ya pili nililazwa. Spesioza ndiye aliyenifundisha chungu. Unachukua chungu kidogo unakiweka ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kibichi. Dawa inakaa humo baridi hata jua likichoma vipi. Kambini hakuna friji, na ndivyo anavyoishi. Alikuja na mchanga wake mwenyewe kutoka ufukweni, akanitengenezea changu kwa mikono yake uani kwa Bi Zuhura. Tangu siku hiyo sijalazwa tena.

Kwa hiyo nilipokata tamaa na wafadhili nikamchukua tufuatane, nikijua wagonjwa wawili wanasikilizwa kuliko mmoja. Tukaenda kwa Mzee Rajabu hapa Ujiji, mwenye maboti yanayobeba mizigo hadi Kalemie, ng'ambo Kongo. Nikaeleza kila kitu, barua ya daktari mkononi. Mzee akaitika kwa kichwa. Kisha akamgeukia Spesioza, akamwuliza naye ametokea wapi. Laiti ningejibu mimi. Spesioza akasimulia kwa ile sauti yake ya chini jinsi walivyovuka kwa mtumbwi, kichupa cha dawa amekifunga kwenye khanga na kukiburuza majini ubavuni mwa mtumbwi ili kisipate joto, mkono wake ndani ya maji kutwa nzima. Mzee Rajabu alivua kofia akaiweka mapajani.

Akasema atamfadhili huyu. Mmoja tu ndiye anayemmudu. Nami akaniambia kwa upole, kama anayenipa zawadi:

"Wewe mwanangu mlima ni wa kwenu. Utaupanda siku yoyote."

Siku yoyote! Nimezaliwa chini yake, nimeutazama kutoka mlango wa jiko kila asubuhi kwa miaka ishirini, nimekufulia soksi zenye vumbi lake, na sijavuka geti la hifadhi hata mara moja. Nilimshukuru mzee. Spesioza alitaka kukataa, aliniambia njiani kwamba nafasi ni yangu, na mimi nikamwambia asiwe mjinga, nikacheka. Nilicheka mpaka nyumbani. Bi Zuhura alinitazama nikivua viatu, akasema, "Una kijicho wewe, kimekukaa usoni." Nikamjibu ni jua.

Daktari amempima, akamwandikia barua. Kibali cha kutoka kambini kimepatikana, nami ndiye niliyemzungushia makaratasi ofisi zote, usidhani nilikaa tu. Nimempa sweta langu lile la kijani alilofuma Mama. Nimemchorea njia ya kutoka stendi ya Moshi mpaka kwetu. Kila nilichompa kilinichoma na bado nilikitoa, nikajiona mtu mwema.

Halafu juzi, tukifunga mizigo yake uani, aliniuliza swali. Alikuwa na chungu chake kipya, kidogo, cha kubebea njiani, anakishika kama kitoto. Akasema, "Dada Aikande, we ni wa huko. Huko juu dawa niifanyeje?"

Nikamwambia, "Kama unavyofanya siku zote."

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao hiyo, akaendelea kukunja nguo.

Kaka, nilijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi nyumbani ukitusimulia jinsi maji yanavyoganda kwenye chupa katika kibanda cha mwisho. Na mtu wa sindano anajua kwamba dawa ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji safi. Unajidunga ukidhani umejitibu, kumbe umejidunga maji. Spesioza hajawahi kuona barafu maishani mwake. Daktari wetu ni wa Lindi, yeye naye kazi yake ni kutuonya joto, joto, joto. Huku hakuna anayeogopa baridi. Angeweka dawa yake kwenye mchanga wenye maji, chini ya kitambaa kibichi, kule juu kabisa, akalala akiwa na amani. Na wewe usingejua kinachomwangusha, ungesema ni mlima.

Sikutaka afe. Nimejiuliza hilo, tena kwa ukali. Nilitaka arudi kutoka njiani. Nilitaka aishie kibanda cha pili, aumwe kidogo, umshushe, ili na yeye ajue ilivyo kuwa na mlima usioupanda. Lakini sukari haijui kidogo, na mimi mwenyewe nimeshalazwa, sina wa kumdanganya.

Yeye ndiye anayekuletea barua hii. Anaondoka na treni kesho, atashuka Morogoro achukue basi. Akifika tu, kabla hujampa hata chai, mwambie haya. Kuanzia getini dawa isikae kwenye chungu. Aivae mwilini, ndani ya nguo, kwenye kifua, na akilala alale nayo. Mchana na usiku. Akianza kuongea ovyo au kutetemeka mpe sukari haraka, usisubiri. Akitapika na kuhema kwa nguvu mshushe, hata akikuapia kwamba yuko sawa. Kule kwenye changarawe, karibu na kilele, mshike mkono. Mimi hukuwahi kunishika mkono huko, na kuandika hivi kunaniuma, lakini mshike.

Msalimie Mama, umwambie sweta halikupotea. Msalimie wifi yangu anayekupikia, na shangazi wa pale juu kwenye mfereji, na mchungaji aliyenibatiza, ambaye naomba asiambiwe lolote katika haya. Bi Zuhura mwenye nyumba wangu anakusalimu ingawa hakujui.

Nilikuwa nimeshaipaka gundi bahasha. Bi Zuhura akanikemea. Anasema hapa Ujiji barua ya kutumwa kwa mkono haifungwi, ukiifunga umemwambia mchukuzi kwamba humwamini. Nimekaa nayo mapajani tangu adhuhuri. Treni inachukua muda mrefu kufika Morogoro, na Spesioza anasoma kila kinachopita mbele yake, hata karatasi za kufungia karanga. Nimeifungua. Naiacha wazi.

Basi Spesioza, kama ni wewe unayesoma: humo kwenye treni iache kwenye chungu, joto bado ni lile lile. Ukifika getini itoe, uivae. Nilijua uliponiuliza. Panda.

Na ukifika juu, usiharakishe kuniandikia. Nipe muda.

Mimi,
Aikande