Paka ya manyoya mafupi tuliyoitoa

Alhamisi. Mvua inaanguka tangu asubuhi, na hapa kwetu Tshopo barabara imekuwa matope tupu, hata watu wa toleka wameshuka, wanasukuma baiskeli zao kwa mukono. Roho yangu iko nzito. Ninaandika kwenye simu, nimekaa mulangoni, sababu ndani ya nyumba kuko ukimya ambao bado sijauzoea.

Jana nilimutoa Tonton.

Tonton si mutu, ni paka. Plamedi, binti yangu wa miaka saba, njo alimupa hilo jina sababu ya mashavu. Mashavu makubwa ya duara, na macho ya kuangalia watu kama vile anangoja wamuletee kiti. Baba yake alicheka siku ya kwanza, akasema kweli, huyu ni tonton kamili, mujomba mutu mukubwa, anakosa tu kofia. Rangi yake ni ya majivu. Manyoya ni mafupi, yamekazana, ukiyagusa ni kama blangeti mupya.

Alitoka kwa Madame mumoja niliyekuwa ninamufulia nguo kule Makiso. Siku Madame alipofunga masanduku ya kurudi kwao Ulaya, aliniambia hii ni aina ya kwa Waingereza, paka ya manyoya mafupi, iko pole, inavumilia watoto, ni nzuri kwa familia. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia neno moja tu: mafupi. Juu Plamedi ana ugonjwa wa kifua, ule wanaita asma. Nikajiambia, bon, manyoya mafupi hayataruka, hayataingia katika pumzi ya mutoto. Sikuuliza. Mutu aliyeacha masomo mwaka wa nne anaogopa kuuliza, anafikiri swali lake litaonyesha mbele ya watu kwamba kichwa kiko tupu.

Na kwa upande wa tabia, Madame hakunidanganya. Plamedi alimufunga skafu shingoni, alimubeba mugongoni na kitenge kama vile mama na mutoto wake, Tonton hakumukwaruza hata siku moja. Nyumba yetu ni nyumba ya samaki, kuko vikapu mpaka chini ya kitanda, yeye anapita pembeni kama mugeni aliyelelewa vizuri. Panya hakukamata hata mumoja. Hiyo nayo niseme.

Mutoto wangu hachezi na wengine. Akikimbia kidogo kifua kinaanza kupiga filimbi, wenzake wanamuita koko, bibi kizee. Ile paka pia haipendi kukimbia. Basi walikaa wawili kwenye mukeka, mashavu na mashavu, kila mumoja na pumzi yake. Mimi nilikuwa ninapita na ndoo ya maji, ninasimama kidogo, ninawaangalia.

Halafu mvua zilianza, na kikohozi kikaongezeka. Nikasema ni manyoya, hata kama mafupi. Nikachukua mukasi. Nilimukata Tonton mugongo na tumbo mpaka akafanana na kuku iliyonyonyolewa vibaya, na yeye ananiangalia tu, hakukimbia. Plamedi alilia kuliko siku ya sindano. Kikohozi hakikupungua.

Leo ni siku ya tatu tangu tuende kwenye kituo cha afya. Munganga alinisikiliza mambo ya mukasi, hakucheka, na hilo nilimushukuru.

"Mama, si urefu wa manyoya," akasema. "Paka inajilamba, mate inakauka juu ya ngozi, inakuwa mavumbi, mutoto anavuta. Mafupi, marefu, ni ile ile."

Kisha akauliza mambo mawili. Kikohozi kilianza lini? Na nyumbani moto unawakia wapi?

Hapa njo ninataka kuandika ukweli, juu sijausema kwa mutu.

Nilimujibu kwamba kikohozi kilianza paka ilipoingia. Nilimujibu kwamba moto uko inje, mbali na nyumba. Basi akasema paka itoke.

Plamedi alikuwa anakohoa miaka miwili kabla ya Tonton. Na moto wangu uko chini ya paa. Mimi ni mutu wa samaki ya moshi. Bwana wangu anazileta kwa pirogi, mutumbwi wa mbao, toka Yanonge, kwetu kwa wazazi, mimi ninazikausha juu ya pipa lililokatwa nusu, ninaziuza sokoni. Mama yangu alifanya vile, na mama yake. Siku za jua ninaweka pipa katikati ya kiwanja. Siku za mvua ninalivuta ukutani, na moshi unaingia mulangoni kama mwenye nyumba. Kuta za ndani ni nyeusi. Munganga angefika, hangehitaji kuuliza.

Samaki njo chakula chetu. Njo masomo ya Plamedi. Nguo za Madame zimeenda na Madame. Katika ile nyumba yangu yote kulikuwa kitu kimoja tu nilichoweza kukitoa inje na jioni tukakula bado.

Kwa hiyo jana nilimuita Mama Furaha, jirani yetu, mama wa Kivu mwenye depo ya mchele na unga. Panya zinamusumbua. Alimuinua Tonton, akamugeuza, akaangalia zile sehemu nilizokata.

"Mama Plamedi, na mashavu hii? Itakamata panya, ama itazikalisha chini izipe mashauri?"

Nilicheka naye. Alitoa kamba mufukoni, akaniambia siku za kwanza atamufunga karibu na magunia, vile wote wanafanya, asitoroke. Sikumuambia kwamba huyu hajafungwa hata siku moja. Plamedi hakulia. Alitoka na ile skafu, akampa Mama Furaha.

"Mama, usimukaze sana," akasema. "Iko na shingo fupi."

Leo mvua, na samaki za jana hazingojei, zingeoza. Nimewasha moto ukutani tangu asubuhi. Mchana kifua cha Plamedi kikaanza filimbi yake. Nikampa pompi ya dawa ya kuvuta mara mbili, nikamushikilia mugongo, nikasikia mifupa yake inapanda inashuka chini ya mukono wangu. Kifua kilipopoa kidogo, akauliza. Hakuuliza kwa kugombana. Aliuliza kama kwa mwalimu, anataka kujua.

"Mama, Tonton ameenda na mavumbi yake. Sasa ninakohoa juu ya nini?"

Nikamuambia mavumbi ya paka hayatoki siku moja, yanabaki katika nyumba wiki nyingi. Munganga alisema vile, si uongo. Nililichukua neno la kweli nikalifanyia kazi ya uongo. Akaitika kwa kichwa. Akaanza kufagia mukeka kwa mukono wake mudogo, polepole, ili yatoke mbio.

Mimi nikaenda kugeuza samaki, juu zilikuwa zinaungua.

Baba yake atarudi Jumamosi na vikapu vingine. Ninafikiri nitamuambia. Halafu ninafikiri, nikimuambia, tutakaa wawili tuangalie lile pipa, na kisha? Mutu hatupi sufuria sababu inamuunguza.

Kesho mvua ikiacha, nitavuta moto mpaka mwisho wa kiwanja, kwenye ukuta wa jirani. Ni hatua sita, nimezihesabu. Mungu akipenda, upepo utapeleka moshi upande ule.

Na mvua ikianguka tena, mavumbi yakiwa yameisha, nitamuambia mutoto wangu anakohoa juu ya paka gani?