Fundi Rajabu, Uliniuliza Kama Niliiwasha

Ujiji, Jumatano asubuhi

Ndugu yangu Rajabu,

Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na kitu kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kujuliana hali. Yako siwezi kuiuliza. Yangu usiiulize. Salamu ziishie hapo, maana nikianza kuzungukazunguka nitalikwepa tena lililonikalisha hapa, na kulikwepa nimeshalikwepa vya kutosha.

Kompyuta imewaka. Ile ile yangu ya kizamani, kibodi nene ya rangi ya kaki ambayo mitambo yake yote imo tumboni, niliyoachiwa na yule daktari wa kizungu alipofunga virago kurudi kwao. Iko mezani mbele yangu. Waya wa HDMI umechomekwa kwenye TV bapa, skrini nzima ni bluu, na maandishi yamekaa juu yake safi, yamenyooka. Herufi zilezile ambazo kwenye TV ya chogo zilikuwa na ukungu mpaka tunabishana hii ni nane au ni B. Ungeona ungepiga kofi moja useme, "Eeh bwana we, mzee kavaa suti!"

Hukuona, na sababu ni mimi. Ngoja nieleze kwa mpangilio. Mengi unayajua, ila lipo moja usilolijua.

TV ya chogo ilipokufa, mwanangu Adela alituma kutoka Dar ile bodi ndogo ya kupachika ndani ya kompyuta, inayochukua picha ya zamani na kuitoa ya kidijitali. Nikakuletea dukani kwako Mwanga, nimeibeba kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ukaitazama, ukanitazama, ukasema nyie Waha mna mambo, mashine ina wajukuu mnataka kuiwekea meno mapya. Lakini macho yalikuwa yanawaka, usinidanganye. Ukasema kazi hii huifanyii kwenye kelele za soko, utakuja kuifanyia kwangu, na migebuka ya kukaanga iwepo.

Ulifanya kazi siku nne. Ulifungua, ukasafisha vumbi la miaka, ukaondoa kile kikopo cha bati cha kupeleka picha kwenye TV za zamani, ukachomelea risasi miguu yote ya ile bodi, mmoja mmoja, miwani imeshuka puani, pumzi umezibana. Mguu ukikaa, unapumua. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika tochi na kunyamaza, na kunyamaza unajua si kipaji changu.

Ulipomaliza hukuiwasha. Habari zilikuwa zimekuja za msiba wa mama yako mdogo aliyeolewa Mwamgongo, unawahi boti. Ukasimama mlangoni, mkoba begani, ukaniambia, "Mwalimu, ile adapta ya zamani usiiguse. Zikizeeka zile zinatoa umeme uliozidi, unaunguza chipu. Nikirudi nakuja na nyingine, naitengeneza mwenyewe. Nisubiri." Nikakwambia nenda bwana wewe, mimi mtoto?

Siku ya tatu akapita mwanafunzi wangu wa zamani. Sasa ni mhandisi mkubwa, alikuja Kigoma kwa kazi za bandarini. Akakaa kwenye kiti chako, akauliza, "Mwalimu, ile kompyuta uliyotufundishia bado ipo?" Ningeweza kusema ipo, pitia wiki ijayo. Ningeweza kumwonyesha imezimwa vilevile. Lakini nilitaka kujidai, Rajabu, sina jina zuri zaidi la kulipa. Nilitaka aende akasimulie huko kwamba Mwalimu Dezidery wa Ujiji ana kompyuta ya enzi zile inayotoa picha kwenye TV ya kisasa. Nikaenda kabatini, nikaitoa ile adapta.

Na picha ikatoka.

Hilo ndilo usilolijua. Ilitoka, fundi! Kubonyeza mara moja tu, bila kugongwa wala kubembelezwa. Bluu tele, maandishi yamenyooka, kishale kinapepesa. Mgeni akasema, "Aisee!" Tuliitazama muda wa mtu kumaliza kusalimiana na jirani. Kisha herufi zikaanza kugeuka takataka, alama zisizosomeka, halafu nyeusi, na harufu ya kitu kuungua. Nikachomoa mbio. Mgeni akacheka, akasema vitu vya zamani vimeshachoka, Mwalimu, akanywa chai yake akaenda. Nikairudisha adapta kabatini, nyuma ya sahani za sikukuu, nikafungua madirisha yote.

Ukarudi na adapta yako mpya. Ukaichomeka, ukabonyeza. Nyeusi. Ukabonyeza tena. Nyeusi. Ukageuka ukaniuliza, kwa upole tu, "Uliiwasha nilipokuwa sipo?"

Nikasema, "Wala. Hata waya sikugusa."

Na tulivyokuwa tunawacheka wateja! Michana mingapi nimekaa kwenye benchi la dukani kwako nikisikiliza. Mtu analeta redio inachuruzika maji ya ziwa, anasema imezima tu yenyewe. Mama analeta simu iliyokanyagwa na pikipiki, imezima tu yenyewe. Unawaitikia pole, pole sana, wakitoka unafungua, na kwanza unatafuta uongo uko wapi, ndipo unatafuta ubovu. Ulikuwa unaniambia usipojua kilichotokea kabla, utatibu ugonjwa ambao haupo. Ulimshuku kila mtu, mpaka imamu wa mtaani na kipaza sauti chake. Mimi peke yangu hukunishuku.

Basi ukaanza kutafuta pasipo na kitu. Wiki tatu, kila siku baada ya alasiri, unakuja. Ukapima umeme kwa testa, uko sawa. Ukabadili waya wa HDMI. Ukaazima TV ya jirani. Tukaibeba kompyuta mpaka Bangwe kwa mpwa wako mwenye TV kubwa, tukapata nyeusi kubwa zaidi. TV inasema imepokea, lakini picha hakuna. Ukaichomoa bodi, ukaipachika upya. Ukazirudia risasi zako mguu kwa mguu, na hazikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa nimeshika tochi, Rajabu. Nimeshika tochi, na najua.

Siku ya kwanza ningesema, ungenipa tusi moja la Kimanyema tukacheka yakaisha. Siku ya pili likawa gumu kidogo. Wiki ya pili ningekuwa sikwambii tu kwamba niliwasha, ningekuwa nakwambia pia kwamba nimekaa siku zote hizo nakutazama unahangaika. Kila siku lilizidi uzito, na kila siku nilisema kesho. Mimi niliyewachapa watoto viboko kwa uongo wa kazi za nyumbani! Siku ya mwisho ukaweka kichomeo chini. Ukanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, ukaitazama. Ukasema, "Mashine ilikuwa nzima, Mwalimu. Kilichobadilika hapa ni mkono wangu tu. Nimeiunguza mimi. Nisamehe."

Ukaniomba mimi msamaha. Na mimi, Mungu ananiona, nikakujibu, "Usijali ndugu yangu. Umri huo."

Umri huo! Ningeweza kukaa kimya, si nilikuwa nimeshazoea? Hapana. Nikaongeza.

Sisemi nilikuua. Presha ndiyo iliyokuondoa, na presha ulikuwa nayo tangu zamani. Lakini niliona kilichofuata. Ukaacha kazi za bodi ndogondogo, ukawa unawaelekeza wateja waende kwa mafundi wale wa upande wa pili wa soko. Kisha ukawa hufungui duka katikati ya wiki. Kisha ukafunga kabisa. Miezi mitano ulikaa barazani kwako, nikija kukutembelea tunazungumza dagaa na mvua, na kompyuta hatuitaji. Nilidhani tunastahiana. Kumbe wewe ulikuwa unaona haya, na mimi nilikuwa najificha nyuma ya haya yako.

Baada ya arobaini yako, Bi Mwajuma wako alinipa daftari lako la kazi. Akasema shemeji chukua, kuna mambo ya kompyuta yako humu. Nikalifungua nikiwa bado njiani. Umeandika kila ulichopima, siku kwa siku, kwa ule mwandiko wako wa kubanana. Na juu kabisa, kabla ya kipimo chochote, mstari wa kwanza: "Mwalimu hajaiwasha." Ukaupigia mstari chini yake. Kurasa sita zote zinazofuata zimejengwa juu ya maneno hayo mawili.

Nikalia palepale barabarani. Watu wakanipa pole ya msiba, nikaipokea.

Jumamosi iliyofuata nikaifungua mashine. Mimi si fundi, unajua hata balbu huwa unanibadilishia wewe. Nilifanya tu lile ambalo kwa mteja mwingine yeyote ungelifanya kabla hajafika barabarani. Nikaiwasha kwa adapta yako, nikapitisha kidole juu ya zile chipu nane za kumbukumbu, moja baada ya nyingine. Sita vuguvugu. Mbili zinaunguza kidole. Kwisha habari. Chai jikoni ilikuwa haijachemka. Zimekaa kwenye soketi, unang'oa na kupachika, hata mwalimu wa shule anaweza. Adela akatuma nyingine mbili, zikafika juzi, nikazipachika, nikabonyeza.

Rajabu, sikufurahi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, hata TV nilikuwa nimeifuta. Picha imetoka kupitia kila mguu uliouchomelea, hakuna hata mmoja niliougusa, na nyumba nzima hakuna wa kupiga kofi. Nikamwita nani? Nikakaa nakitazama kiti chako mpaka nikaona aibu kukitazama.

Jana nikaenda kwa mkeo, nikamweleza yote. Adapta, mgeni, picha iliyotoka, na jibu nililokupa. Alikuwa anachambua mchele, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mikono yake ilikuwa mizima?" Nikasema mizima, shemeji. Akachambua kidogo tena. Kisha akaniambia kwamba kila asubuhi ulikuwa unainyoosha mbele ya dirisha kuangalia kama inatetemeka, na kwamba mwishoni ulikuwa hutaki kushika kikombe mbele za watu. "Na ilikuwa haitetemeki," akasema. "Nilimwambia kila siku. Akawa ananiambia mimi sijui, angalia kompyuta ya Mwalimu."

Hakunifukuza, wala hakupaza sauti. Ila chai sikuletewa, na unaijua nyumba yako, hata mwuza mkaa huketi akaletewa chai. Nilipoinuka kuaga akasema neno moja tu: mimi umeniambia, je, na wale wa sokoni waliosema Rajabu kazeeka, kazi imemshinda?

Ndiyo kazi yangu ya leo. Nitaizima sasa hivi, niifunge kwenye kitenge, niende nayo Mwanga pamoja na TV, wakati mafundi wote wako kwenye meza zao. Nitaiwasha mbele yao waone risasi zako na waone picha. Kisha nitasema kwa mdomo huu huu kwamba fundi alimaliza kazi yake sawasawa, na mwenye mashine akaiunguza, akamdanganya fundi machoni mpaka akaacha kazi. Watacheka wengine. Wengine nimewafundisha wenyewe, na hao ndio ninaowaogopa zaidi. Nakuahidi sitasema imezima tu yenyewe. Na benchi lile nitaendelea kulikalia kila wiki, na kila atakayetaja jina lako kwa kazi mbovu nitaanza kumsimulia upya, hata wakinichoka.

Msamaha sikuombi. Ule ulioniomba wewe nilikupa mimi, nikiwa ndiye mkosaji, na sijui mtu anaurudishaje. Mungu akurehemu, ndugu yangu. Lala, mikono yako ni mizima.

Ni mimi niliyeiwasha,

Dezidery