Nilivyoisafisha Kaseti ya Bi Mwanatumu

Alhamisi, masika ya 1999. Ukunda.

Kuanzia Likoni mpaka Lungalunga hakuna aliyezaliwa na mama anayeijua kaseti kama mimi. Nasema hivyo na sioni haya. Kaseti iliyomezwa na redio naitoa tumboni kwa kijiti cha kiberiti. Utepe uliokatika nauunga, nawe usikilize mpaka uchoke, hutajua ulikatikia wapi. Shule niliiacha darasa la sita, na leo walimu wangu wananiletea redio zao. Nawaamkia shikamoo kwa adabu zote, huku moyoni nacheka.

Lakini mvua haijakatika tangu alfajiri, duka nimelifunga kwa ndani, na kompyuta iko hapa mbele yangu sitaki hata kuiwasha.

Shajara, nisikilize mpaka mwisho. Wewe angalau hukohoi.

Kompyuta ni ya bosi wangu Njoroge, mtu wa bara. Aliinunua kwenye hoteli moja ya Diani iliyokosa wageni ikaanza kuuza vitu vyake. Yeye alitaka awe anaandikia watu barua. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukichomeka waya kutoka kwenye deki, ile mashine inaimeza sauti na kuitunza ndani, mahali ukungu haufiki.

"Buda, wewe ni noma!" akaniambia. Kichwa kilinivimba, kofia haikuingia.

Sifa zangu zikafika Msambweni kwa Bi Mwanatumu. Huyu ni fundi wa ngoma za pepo. Mtu akipandwa, yeye humwita pepo kwa nyimbo, kila pepo na wimbo wake, mpaka aseme anataka nini na mgonjwa apumue. Mwaka jana aliugua koo, sauti ikaenda zake. Sasa ananong'ona tu, na anapotibu hupiga kaseti aliyorekodiwa na marehemu mumewe zamani, sauti ikiwa bado inatikisa bati. Kaseti ni hiyo moja, nayo ilikuwa imeota ukungu mweupe.

Alikuja nayo mwenyewe, kaifunga kwenye pindo la leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa wewe waweza kuiponya hii."

"Kuiponya tu? Bibi, nitaifanya mpya mpaka ujisahau!"

"Sitaki mpya," akanong'ona. "Naitaka ilivyo."

Maneno hayo niliyasikia. Naandika hapa kwamba niliyasikia.

Nikaifungua kwa bisibisi, nikaupangusa utepe kwa pamba na spiriti, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto. Nikaumimina wote kwenye kompyuta. Ile sauti, wallahi, ilinisimamisha nywele. Ila kompyuta ikajaa.

"Maze, toa takataka," bosi akasema. "Wacha ngoma peke yake."

Nikatoa takataka. Kila wimbo ulikuwa na mkia mrefu: ngoma imenyamaza, bibi anakohoa, ananung'unika maneno nisiyoyaelewa, maji yanamwagwa, kimya. Mikia yote nikaikata, nikaifuta kabisa kwenye kompyuta. Wimbo ukiisha, mwingine unaingia papo hapo, kama kanda za disko. Nikamnakilia kaseti mpya inayong'aa, ile kuukuu akaniachia nimtunzie.

"Bibi, humu hata kikohozi kimoja hakimo," nikamwambia.

"Mashallah," akajibu, akaibusu.

Jana kaseti hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa Bi Mwanatumu. Mgonjwa alikuwa dada yangu Halima.

Dada Halima ndiye aliyenilea mama alipofariki. Tangu mvua zianze hali, halali, analia akiwa amesimama jikoni na hajui analilia nini. Vidonge vya hospitali havikumfaa. Mimi mambo ya pepo siyaamini, lakini nilibeba redio, na nilivaa shati langu jipya.

Wimbo wa kwanza ulipoanza dada akatetemeka, akainuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikawakonyeza wasichana waliokaa mlangoni: mmeona mitambo hiyo? Wimbo ukaisha. Bi Mwanatumu akanyanyua bakuli la marashi, akafumba macho, akaingoja sauti yake mwenyewe.

Ukaingia wimbo wa pili.

Akafumbua macho. Dada alikuwa amepiga magoti, anasema kwa sauti nzito ambayo kwetu hakuna mwenye nayo. Ukaingia wa tatu. Shemeji, mume wa dada, akapiga kelele, "Zima wewe!" Nikazima. Bi Mwanatumu akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mwanangu, nimewaita watatu. Pa kuwaaga pako wapi?"

Kumbe ile mikia ndiyo kuaga. Kila pepo ana maneno yake ya kwaheri, na lazima ayasikie kwa sauti ileile iliyomwita, la sivyo haondoki. Bibi alijaribu kuyanong'ona. Dada akamcheka usoni.

Tangu hapo amekaa mkekani anautazama mlango. Asubuhi niliingia nikamwamkia. Akanikagua kuanzia miguuni, kisha akawauliza waliokuwepo, "Huyu mgeni kaletwa na nani?"

Dada Halima. Aliyenifunza kufunga vifungo vya shati.

Siamini. Lakini nimekaa na mgongo ukutani.

"Haidhuru," Bi Mwanatumu alituambia. "Kaseti yangu ya zamani ipo. Ailete tu." Watu wote wakashusha pumzi. Shemeji akanipigapiga begani.

"Ipo dukani, bibi," nikajibu. "Salama salimini."

Kweli ipo. Hii hapa mezani. Tangu nirudi nimeisikiliza pande zote mbili. Ni disko, mwanzo mpaka mwisho, ya kijana mmoja wa hoteli ambaye hata hakurudi kuichukua. Upande wa pili, disko inapokwisha, umebaki utepe kidogo. Bi Mwanatumu anakohoa. Anavuta pumzi ya kusema. Utepe unaisha.

Nimeurudisha nyuma mara nyingi. Anavuta pumzi tu.

Marehemu mumewe aliijua kazi. Alivivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mashine ikatae kurekodi juu yake. Na sisi wa madukani tunajua dawa ya hilo: unajaza karatasi kwenye vitundu, mashine inadanganyika. Nilitafuna kipande cha gazeti nikavijaza, huku napiga mluzi, kwa sababu utepe wa zamani ni mzito na besi inatoka vizuri.

Karatasi bado imo. Sijaitoa.

Mvua ikipungua nakwenda Msambweni. Njiani kuja huku dukani nilikuwa nimepanga kuusingizia ukungu. Sitausingizia. Kaseti ninayo, bibi. Sauti yako niliifuta mimi, ukiwa umeshaniambia unaitaka ilivyo.