Pangaboi Lililokuwa Halisimami

Kaliua

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mama yako hajambo, ila mvua zimetuchelewea.

Unauliza pangaboi la ndege likizunguka linaonekanaje, ili mchezo wako wa kurusha ndege kwenye kompyuta ufanane na kweli. Halionekani. Unaona duara kama la moshi, na nyuma yake uso wa rubani.

Nililiona tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa. Tulisafisha uwanja wa ndege kwa majembe, mgeni mkubwa wa serikali akaja kwa ndege ndogo kututazama. Mwanangu wa kwanza alikuwa mgongoni, anaungua homa. Nikataka kumwomba mgeni ampeleke hospitali Tabora. Mama mkwe akanishika mkono: "Mgeni hapelekewi shida kabla hajachezewa ngoma."

Nikacheza. Rubani hakuzima injini. Ngoma haijaisha, mgeni akatupungia mkono, akapanda, wakaruka.

Kesho yake tulimzika mwanangu. Kaburi la kwanza la kijiji kipya.

Nilimlaumu mama mkwe mpaka akafa. Sasa wa kulaumiwa nimebaki mwenyewe, na mimi ndiye niliyecheza.

Kwenye mchezo wako, mjukuu wangu, ndege ikitua lizime pangaboi. Lisimame mpaka mtu aweze kuhesabu mapanga yake.

Bibi yako