Walikuzika Kama Mpishi

Madam,

Shikamoo. Bado nakuamkia kila asubuhi nikipita mlango wa ofisi yako, halafu nakumbuka.

Tulikuzika kwenu Nangwa, pembeni mwa shamba la mbaazi. Watu walijaa mpaka barabarani. Mwalimu mkuu msaidizi ndiye aliyesoma wasifu wako: mke mwema, mama mlezi, mkarimu, mpishi hodari. Akakunja karatasi, akakaa. Miaka yote uliyotuongoza kama mwalimu mkuu hakuitaja, Madam, hata kwa neno moja. Nilitaka kusimama, sikusimama. Nikalia tu, na watu wakadhani nalia kama wengine.

Aliyesimama ni shangazi yako, yule bibi mfugaji wa Balangdalalu, na fimbo yake ndefu. Akasema, "Huyu alikuwa mkubwa wenu wa kazi. Mbona mnamzika kama mpishi?"

Nikakumbuka ulivyotusimulia habari ya kikao cha walimu wakuu, wewe mwanamke peke yako, wakakuomba umimine chai. Hukuinuka. Uliwaambia kwamba kwenu wanawake wana baraza lao, mwanaume akimwonea mwanamke wanamtoza ng'ombe, na anatoa. "Bibi yangu alikuwa anatoza ng'ombe, mimi nimimine chai?" Ulicheka ukitusimulia, umeshika mbavu. Sasa kile kicheko kinanitesa. Nakisikia staff, ofisini kwetu walimu, nageuka, hakuna mtu.

Jana Ijumaa alikuja afisa elimu kata. Wananitaka nikaimu nafasi yako. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nikamwulize kwanza mume wangu. Msaidizi naye akaongeza kwa upole, "Mwalimu, una mtoto mdogo, kazi ile ni nzito." Nikasema nitajibu Jumatatu.

Naogopa, Madam. Ningekuja kwako, ndiko nilikokuwa naenda na kila jambo. Ulimbeba Neema wangu mgongoni siku ile anaumwa, ukasimama naye mbele ya paredi na kanga yako ya njano, ukatoa matangazo kama kawaida ili mimi niandae kipindi changu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Ile kanga mumeo amenipa. Sijaweza kuifua.

Mume wangu nimemwambia, sikumwuliza. Akasema basi Jumatatu atamnywesha mtoto uji mwenyewe.

Basi jibu langu ni ndiyo. Chai watamimina wenyewe. Na siku ya arobaini yako nitasimama pale pale Nangwa, niusome wasifu wako upya, nianze na kazi yako. Shangazi nimeshamwahidi, na wewe nakuahidi.

Lala, Madam wangu. Kesho kutwa sitapita mlango wako, nitaingia. Nitakuamkia kama siku zote, nisimame kidogo pale penye kiti, halafu nitakaa bila kusikia marahaba yako.

Mwalimu wako,
Mama Neema